Hatua Kumi na Moja

Fomu yako imefika, Lugalia,
imekunjwa mara nne ndani ya pakiti ya majani chai,
na dereva wa lori aliyeileta
amedai soda.
Naambiwa nitie sahihi chini, penye nukta nukta,
kwamba mimi Kavosa, binti wa marehemu Agesa,
sidai chochote.

Nimeiweka juu ya mizani ya misumari.
Mshale haukutikisika.

Unakumbuka siku baba alipotugawia,
samahani, alipowagawia?
Alianzia kwenye mgomba wa juu, akavua viatu,
akahesabu kwa sauti ili majirani wasikie:
kumi na moja za Chanzu, akachomeka mkonge;
kumi na moja za Kidiga, mkonge;
kufika kwako jua lilikuwa utosini
na lile donda la mguu lilikuwa limeanza kumla.
Kumi na moja ni kumi na moja, alisema.
Lakini mimi nilikuwa nyuma yake na kibuyu cha maji,
niliona hatua zinavyofupika,
ya tisa kama ya kuku, ya kumi kama ya mtoto,
ya kumi na moja aliikanyagia palepale.

Donda lake ndilo mpaka wako.

Mimi sikuhesabiwa. Ndiyo maana niliweza kuondoka.
Watu wa Chavakali walisema Kavosa ana moyo mgumu,
ameacha kwao na sanduku moja na sufuria.
Moyo gani?
Mbuzi asiyefungwa hasifiwi kwa kukata kamba.

Nyinyi ndio mliofungwa.
Chanzu alipata kazi Kisumu, kiwanda cha samaki,
akakaa wiki tatu. Akarudi usiku, na tochi,
kuhesabu mikonge.
Kidiga hathubutu kulala hata Mbale.
Nawe ulinipigia ukinong'ona, umejificha chooni:
Dada, huko Nakuru kuna chumba?
Kisha, kabla sijajibu: Lakini nikija,
nikikaa msimu mmoja tu, jembe la Chanzu litahama.
Jembe halina miguu, Lugalia,
ila kila Machi linatembea shubiri.

Na hati? Hati ina jina la babu,
aliyezikwa kabla mama hajaolewa.
Benki haimkopeshi maiti,
na maiti hauzi.
Kwa hiyo hamwezi kuuza mwende
wala kukopa mkae.
Mmekaa tu.

Hapa Kaptembwa chumba changu ni hatua nne kwa nne,
za mguu mzima.
Mwenye nyumba ana hati yenye jina lililo hai,
linakuja kukohoa mlangoni kila tarehe tano.
Mchana nauza seng'enge dukani.
Wateja wa Njoro, wa Molo, wanataka mita mia, mia mbili,
nami navuta futikamba, nakata, napokea pesa,
naulizia moyoni:
yenu ilipimwa kwa mguu wa nani?

Sitatia sahihi.

Usiogope. Sitaki mahindi yako.
Nataka karani atakapowaita watoto wa Agesa
ahesabu wanne, aandike wanne,
na kipande changu, hata kiwe chembamba kama kanga iliyokunjwa,
kikae katikati yako na Chanzu.
Jembe lake likitembea, litembee kwangu kwanza,
nami nina karatasi, na nina mdomo.
Hapo utakuja, ukitaka kuja.
Au utabaki, ukitaka kubaki.
Sijui utachagua nini. Hujawahi kuulizwa.

Jumamosi baada ya mshahara nakuja
na futikamba ya tajiri, mita hamsini, nimeiomba.
Wewe shika ncha, pale kwenye mgomba wa juu.
Usiivute sana, usiilegeze.
Waite majirani walewale, walio hai.
Chanzu akitoka na panga, mwambie dada yake amefika,
aweke maji ya chai motoni.

Mimi sitavua viatu.